Mshambuliaji wa chuo aandaliwe kazi angali anafunga

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, mwanafunzi anayefunga mabao hujulikana haraka kuliko mhadhiri wake. Kuanzia Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, hadi Kalundu bandarini, ukiuliza nani anavaa namba tisa katika timu ya chuo fulani, utaonyeshwa hadi mlango wa kwao. Umaarufu huo ni mali, tena mali inayoharibika upesi kama ndagala waliokosa jua. Goti likiumia, msimu ukipita bila bao, au masomo yakiisha tu, makofi yanahamia kwa mwingine, naye anabaki akizunguka na bahasha ya vyeti kama wenzake wote. Hoja yangu ni kwamba safari ya mshambuliaji wa chuo kwenda kazini ianze siku ambazo bado anafunga, jina lake likiwa bado linafungua milango, na mzigo wa kuianzisha asibebeshwe yeye peke yake. Chuo kinachojitangaza kwa mabao yake, klabu inayomvalisha jezi na wafanyabiashara wanaopenda kupiga naye picha wana deni kwake. Deni hilo linalipika hata katika mji wenye dhiki kama wetu.

Vijana wa mwambao huu wana sababu ya kuota Ulaya, kwa maana wamewaona watu wa huku wakifika. Shabani Nonda alizaliwa mwaka 1977 Bujumbura, mji ambao taa zake huonekana usiku kutoka Uvira, akapitia Yanga ya Dar es Salaam na Afrika Kusini kabla ya kufika FC Zürich, Rennes na Monaco. Msimu wa 2002-03 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa kwa mabao 26, na Aprili 2004 aliifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Assani Lukimya, beki aliyezaliwa Uvira kwenyewe mwaka 1986, alicheza Fortuna Düsseldorf, kisha Bundesliga akiwa na Werder Bremen. Majina haya yanastahili heshima yote yanayopewa. Lakini tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba hakuna hata mmoja aliyepandia ngazi iliyojengwa hapa. Mpira wa Lukimya ulikomaa Ujerumani, na Nonda aliondoka kandokando ya ziwa akiwa bado kijana mdogo. Tena Nonda huyohuyo, baada ya ule msimu wa mabao 26, aliumia vibaya goti na kukaa nje miezi mingi. Monaco ilikuwa na madaktari, na mshahara wake uliendelea kuingia. Goti la namna ile likimpata mshambuliaji wa chuo Uvira, matibabu yake ni mafuta ya kuchulia na michango ya marafiki, na mpira wake unaishia hapo.

Hata kwa waliofika kwenye mpira wa kulipwa, malipo si kama yanavyodhaniwa kwenye vibanda vya kutazamia mechi. Mwaka 2016 FIFPro, shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kwa wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54, Kongo ikiwemo. Asilimia 41 walisema wamewahi kucheleweshewa mishahara katika miaka miwili iliyotangulia, na asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hao ni wachezaji wa kulipwa, watu ambao mshambuliaji wetu anatamani awe kama wao. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo kukosa mkataba wa maandishi kulionekana kuwa jambo la kawaida. Anayepanga maisha yake yote juu ya msingi huo anahitaji ukweli mapema, na wa kumweleza ukweli huo ni wakubwa wanaomzunguka, si mechi ya mwisho.

Kisa cha Ndaye Mulamba kingepaswa kujulikana katika kila chumba cha kubadilishia nguo nchini. Mwaka 1974, Misri, alifunga mabao 9 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na rekodi hiyo ya mashindano mamoja bado ni yake. Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitwaa kombe. Mwaka uliotangulia alikuwa bingwa wa Afrika na AS Vita Club. Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, muda mfupi baada ya kuenziwa kwenye fainali za Tunisia, alivamiwa na watu wenye silaha, akapigwa risasi mguuni. Walidhani mtu mwenye jina kama lake lazima awe na fedha. Akakimbilia Afrika Kusini na kuishi kwa shida. Mwaka 1998, kwenye fainali za Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea kwa sababu habari zilisema amekufa, kumbe alikuwa hai Cape Town. Alifariki Johannesburg Januari 2019. Nchi iliyoshangilia mabao 9 ilikuwa imepoteza hata habari za alipo mfungaji. Wanaosema kwamba kipaji humtunza mwenye nacho, wakae na kisa hiki kwanza.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana upo na una mifano. Tarehe 8 Machi 1980, mjini Lagos, Nigeria iliifunga Tanzania mabao 3 kwa 1 katika mechi ya kwanza ya fainali za Afrika. Nahodha wa Tanzania alikuwa Leodegar Tenga, beki na mhandisi. Katika safu ya mbele ya Nigeria alikuwepo Segun Odegbami, mshambuliaji aliyesomea uhandisi katika chuo cha ufundi cha Ibadan huku akiichezea Shooting Stars ya mji huohuo. Kikosini mwa Nigeria alikuwepo pia winga Adokiye Amiesimaka, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lagos. Wiki mbili baadaye Odegbami alifunga mabao mawili katika fainali dhidi ya Algeria, na Nigeria ikatwaa kombe lake la kwanza. Baada ya mpira, Amiesimaka alifika kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Rivers, Odegbami akaanzisha shule yenye chuo cha michezo, na Tenga akaongoza shirikisho la soka la Tanzania kuanzia 2004 hadi 2013 na pia kuwa mtendaji mkuu wa shirikisho la wenye viwanda. Karibu zaidi nasi, Nairobi, alikuwepo Joe Masiga, mshambuliaji wa AFC Leopards na wa kizazi cha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kilichotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Masiga alisomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Nairobi, akacheza na raga juu yake, kisha akatibu meno ya watu kwa miaka mingi baada ya mabeki kuacha kumkimbiza.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hao walikuwa na akili za pekee. Huenda ni kweli, lakini naamini jambo lililowaokoa ni kubwa kuliko akili. Kila mmoja aliingia kwenye kilele cha mpira akiwa tayari na mguu mmoja ndani ya taaluma. Masiga hakuanza kutafuta la kufanya siku alipotundika viatu. Na mchezaji hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya mtihani na mechi. Nasema hivi kwa sababu hapa kwetu ugumu huanzia kwenye ratiba. Mtihani na mechi ya chuo vinaweza kuangukia siku moja, chuo kikamtaka mchezaji uwanjani, na baadaye hakuna anayekumbuka kumpangia siku nyingine ya mtihani. Anaingizwa kwenye kipindi cha pili cha mitihani kama aliyefeli, wakati alikuwa akikitumikia chuo.

Mtazame kijana wa namna hiyo kwa karibu. Yuko mwaka wa pili. Asubuhi ana vipindi. Mchana anaendesha pikipiki ya mtu mwingine kati ya Mulongwe na Kavimvira, na kila jioni lazima amkabidhi mwenye pikipiki kiasi walichokubaliana, abiria wawepo wasiwepo. Viatu vya mpira vimefungwa kamba na kuning'inia kwenye usukani, kwa kuwa kutoka barabarani ataenda moja kwa moja mazoezini, kwenye kiwanja chenye changarawe ambapo ukianguka unainuka na kidonda. Timu ikishinda, primi hutolewa mkononi: noti za faranga zilizokunjwa, bila karatasi ya kusaini. Wiki inayofuata minervali, yaani ada ya chuo, inadaiwa. Primi ile ilikwisha kwenye unga, dawa za mdogo wake na yuniti za simu. Hakuna mtu katika mlolongo huu aliyefanya jambo baya sana, na bado akimaliza masomo kijana atakuwa amechezea chuo miaka mitatu na hana hata ukurasa mmoja unaothibitisha kwamba alifanya kazi yoyote.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa makocha: kwamba mshambuliaji anayewaza staji, yaani mafunzo ya kazini, na vitabu hupoteza makali mbele ya lango. Mifano niliyotoa inatosha kulijibu, ila niongeze jambo moja kutoka Marekani, ambako familia nyingi za Uvira na Fizi zilifika baada ya kukimbia vita vya 1996 na kukaa miaka katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Watoto wao wanacheza soka katika shule za huko, na wengine wanatazamia vyuo vikuu. Kwa makadirio yaliyotolewa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, wachezaji wa soka wa kiume wanaotoka chuoni na kuingia katika mpira wa kulipwa ni chini ya wawili kwa kila mia. Tena katika daraja la juu la michezo hiyo kuna kanuni isiyokwepeka: anayetaka kuendelea kucheza awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwaka wa tatu, 80 mwaka wa nne. Vyuo vile vina fedha tusizoweza kuziota, na siombi tuige majumba yao. Kanuni ile lakini haihitaji jengo wala senti. Inahitaji daftari la alama na mkuu wa chuo anayeweza kumwambia kocha hapana.

Hapo ndipo panapofaa onyo kali. Njia rahisi ya kumsaidia mfungaji ni kumpa alama za bure, na wapo watakaosoma makala haya na kudhani ndiyo ninayoiomba. Siiombi, naipinga kwa nguvu zote. Mwanafunzi wa uuguzi aliyepitishwa kwa mabao atakutana na mgonjwa asiyejua lolote kuhusu mabao yake. Atakayekuwa mwalimu atasimama mbele ya darasa la watoto sitini. Alama ya bure humharibia mshambuliaji kitu ambacho alihitaji kuliko diploma yenyewe, yaani kuaminika, na katika mji unaojuana kama Uvira habari ya namna hiyo haifichiki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa si watu wa mzaha. Wanauliza: kazi ipi? Uvira imejaa wenye diploma wanaouza yuniti chini ya miavuli. Kiliba, kiwanda cha sukari cha bonde la Ruzizi kilichokuwa mwajiri mkubwa wa eneo hili, kilisimama vita vilipoanza mwaka 1996, na juhudi za kukifufua hazijarudisha ajira za zamani. Nakubali kwamba hili ni jeraha la kweli, tena linaeleza mengi kuhusu mpira wetu. Tanzania ilikuwa na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Morogoro, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Kenya ina timu za benki, za jeshi na za posta; Uganda ina timu ya mamlaka ya mapato na ya polisi. Katika timu za namna hiyo mchezaji anaweza kuingia uwanjani na kwenye orodha ya mishahara kwa mlango mmoja, na siku miguu inapochoka anabaki na dawati. Kwetu mlango huo ulifungwa kiwanda kilipofungwa, na hatukujenga mwingine.

Hata hivyo ni kosa kusema kazi hakuna kabisa. Shule zinahitaji walimu wa michezo, hasa tangu elimu ya msingi ya umma ilipofanywa bila malipo mwaka 2019 na madarasa kufurika, ingawa wapo walimu wengi ambao serikali bado haijawaingiza kwenye malipo, na jambo hilo halina udhuru. Bandari ya Kalundu, ushuru wa mpakani, kampuni za simu, hospitali, kituo cha utafiti wa ziwa pale Uvira, wafanyabiashara wa samaki na mafuta ya mawese: wote hupokea watu wa staji, na mara nyingi wanaopata ni wale wenye mjomba ndani. Mshambuliaji hana mjomba, ila ana kitu kinachokaribia. Watu wa mitaa yote wanamjua. Uvira ni mji wa Wavira, Wafuliru, Wabembe, Wanyamulenge, Warundi na wengine, na tumeonja uchungu wa kutoaminiana kwetu. Mtu ambaye mabao yake yameshangiliwa na watu wa makabila mengi ana sifa ambayo kampuni ya simu inayotafuta wakala, au shirika linalogawa chakula Sange na Luvungi, ingepaswa kuilipia. Sidai kwamba mpira hujenga nidhamu yenyewe kwa yenyewe. Nimesoma kauli hiyo mara nyingi na sijaona ushahidi wake. Nasema tu kwamba kujulikana na kukubalika ni mtaji halisi, na mtaji huo una tarehe ya mwisho.

Pingamizi la tatu ni la haki: kwa nini mshambuliaji, wakati kipa na beki wa kushoto wanatoka jasho lilelile, na mwanafunzi asiyecheza kabisa analipa minervali bila kupigiwa makofi? Taratibu ninazozidai ziwahusu wote kumi na mmoja na walio benchi. Namtaja mshambuliaji kwa sababu yeye ndiye anayedanganywa zaidi. Kipa hajawahi kuahidiwa Monaco. Na kwa mwanafunzi asiyecheza, chuo hakijawahi kutumia mwili wake kujitangaza. Kwa mchezaji kimefanya hivyo, na kila anayetumia mwili wa mwingine kwa faida anawajibika kwa mwenye mwili huo.

Wapo pia wanaoona ni aibu kuzungumzia mpira katika nyakati hizi. Mji huu ulifurikiwa na mito yake Aprili 2020, watu wakafa na maelfu wakakosa makazi. Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huohuo vita viliingia Uvira. Nawaelewa wanaosema tusubiri amani. Lakini tuulizane ni nani anayewaajiri vijana wenye nguvu na mbio wakati sisi tunasubiri. Makundi yenye silaha hayadai diploma, hayaombi barua ya maombi, na hayajawahi kumwambia kijana arudi wiki ijayo. Kijana wa miaka 22 aliyezoea kushangiliwa, akaumia, akasahauliwa, ndiye wanayemtafuta. Kumpatia staji kabla hajasahauliwa ni sehemu ya kulinda mji, na ni sehemu ya bei nafuu.

Ninayoyaomba si mengi. Vyuo vya Uvira viandike katika kanuni zao kwamba mchezaji aliyekuwa uwanjani kwa niaba ya chuo atafanyiwa mtihani siku nyingine, bila kuhesabiwa aliyefeli na bila kuongezewa hata alama moja. Vimtafutie staji mwaka wa pili, siyo baada ya kumaliza, na mkuu wa chuo aende mwenyewe kuiombea huku jina la kijana likiwa bado midomoni mwa watu. Klabu zimpe mkataba wa ukurasa mmoja unaosema primi ni kiasi gani, italipwa lini, na nani atagharamia matibabu akiumia akiwa amevaa jezi yao. Anayelipa aandike, anayepokea asaini. Wafanyabiashara wa Kalundu na Mulongwe wanaonunua seti ya jezi na kuchapisha jina la duka kifuani, waongeze nafasi moja ya staji kwa kila seti wanayotoa. Na wazazi, msimwachie mtoto kitabu tu au mpira tu mkidhani mnamsaidia. Masiga alishika vyote viwili.

Mwaka mpya wa masomo utakapofunguliwa, wakuu wa vyuo watakutana na makocha kupanga timu. Wakae na orodha ya washambuliaji waliomaliza miaka mitano iliyopita, na mbele ya kila jina waandike anafanya kazi gani leo. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wazi, mahali ambapo wachezaji wapya wataisoma kabla ya kupewa jezi.